Safari ya Skanka: Jinsi Bangi Ilivyobadilika Jina Likabaki

Mazungumzo ya afya ya akili. Msomaji ni mmoja. Muda: dakika 25.

(Muziki wa kufungulia, kisha unashuka polepole.)

Kama uko jikoni unapika, kama uko shambani unapalilia, au umo ndani ya matatu ukielekea kazini, tega sikio. Leo hatutaanza na dalili wala dawa. Tutaanza na historia, kwa sababu yako maradhi ambayo huwezi kuyaelewa vizuri kabla ya kujua mmea unaoyachochea ulitoka wapi, na ulifanywa nini njiani.

Sababu ya mazungumzo haya ni maneno ambayo wazee wetu hupenda kuyasema barazani. Kijana wa jirani ameacha shule. Analala mchana, usiku yuko macho. Anaongea peke yake na anasema watu wanamfuata. Mtu akitaja bangi, mzee mmoja atatikisa kichwa aseme: "Hiyo si bangi. Bangi naijua mimi. Babu yangu alivuta bangi akichunga ng'ombe, akavuta hadi mvi zikajaa kichwani, na akafa akiwa na akili zake timamu. Huyu mtoto amerogwa."

Msikilizaji, mzee huyo hasemi uongo. Anasema aliyoyaona. Kosa lake ni moja tu: anadhani vitu vyenye jina moja ni kitu kimoja. Busaa inaitwa pombe, na chang'aa inaitwa pombe. Lakini mtu aliyezoea kunywa kibuyu kizima cha busaa, akijaza kibuyu hicho hicho chang'aa na kuimaliza, huenda asifike nyumbani. Bangi nayo imepita njia ya namna hiyo. Jina lilibaki, kitu chenyewe kikabadilika. Leo tutafuata safari hiyo, na hasa safari ya aina moja chotara ambayo Waingereza na Wamarekani huiita Skunk, na Waswahili wakaiita skanka.

Mmea uliovuka bahari

Bangi haikuanzia Afrika. Chimbuko lake ni Asia. Hata jina tumelipokea kutoka ng'ambo ya bahari, kwa maana Wahindi husema bhang na Waajemi husema bang. Mmea ulivuka Bahari ya Hindi pamoja na biashara nyingine, ukafika pwani yetu, kisha ukaingia bara. Mwingereza Richard Burton, aliyesafiri kutoka pwani hadi Ujiji kati ya mwaka 1857 na 1859, aliandika kwamba aliwakuta watu wa bara wakivuta bangi kwa viko vya maji na kukohoa kwa nguvu.

Wataalamu wa mimea wa Ulaya waliupa majina yao. Mwaka 1753 Linnaeus wa Sweden aliuita Cannabis sativa. Mwaka 1785 Mfaransa Lamarck, baada ya kuchunguza mimea iliyotoka India, alisema huu wa India ni wa namna nyingine, akauita Cannabis indica. Hawakujua kwamba miaka mia mbili baadaye watu wangeichanganya mimea ya pande mbalimbali za dunia, mpaka isijulikane tena ipi ni ipi.

Sasa kuna jambo moja la shambani ambalo ni lazima tulielewe. Mbangi ni kama mpapai: uko wa kiume na uko wa kike. Aliyepanda mipapai anajua kwamba wa kiume hauzai. Katika mbangi, ule wa kike ndio unaotoa maua yenye vitezi vidogo sana, na vitezi hivyo hutoa utomvu unaonata vidoleni. Ndani ya utomvu ndimo ilimo ile kemikali inayolevya. Majani yanayo kidogo tu. Mmea wa kiume ukiwa karibu, chavua yake huufikia wa kike, nao hugeukia kazi ya kuzaa mbegu. Mmea wa kiume usipokuwepo, wa kike huendelea kutoa maua na utomvu, kana kwamba bado unangoja.

Katika sehemu nyingi mimea hiyo miwili ilimea pamoja. Watu walivuna kilichokuwepo: majani, mbegu, vijiti na maua machache. Hiyo ndiyo bangi ambayo babu wengi waliijua. Hata hivyo ujuzi wa kung'oa mimea ya kiume si wa jana. Huko Naogaon, ambako wakati ule kulikuwa Bengal ya India na leo ni Bangladesh, wakulima wa karne ya 19 waliajiri fundi maalumu wa kupita shambani akitambua mimea ya kiume na kuing'oa mapema. Wahindi wenyewe walitofautisha majina: bhang ni majani, ganja ni maua ya mmea wa kike, na charas ni utomvu uliokusanywa. Walijua kwamba nguvu zake hazilingani. Serikali ya Uingereza iliyotawala India iliunda tume kuchunguza jambo hilo mwaka 1893, na mwaka 1894 tume ikatoa ripoti kwamba mtumiaji wa kiasi hadhuriki sana, lakini anayezidisha anadhurika. Sisi huku kwetu tulichukua neno moja tu, bangi, tukalitumia kwa zote tatu. Hapo ndipo mkanganyiko ulipoanzia.

(Muziki mfupi.)

Shamba la California na somo la Kitale

Tuvuke sasa hadi Marekani. Katika miaka ya 1960 na 1970 vijana wengi wa Ulaya na Marekani walisafiri kwa mabasi na magari makuukuu kupitia Uturuki, Iran na Afghanistan hadi India na Nepal. Baadhi yao walirudi na mbegu mifukoni. Njia ile ilifungika mwaka 1979, mwaka wa mapinduzi ya Iran na mwaka ambao majeshi ya Muungano wa Kisovieti yaliingia Afghanistan. Lakini mbegu zilikuwa zimekwisha kufika.

Wakulima wa siri wa jimbo la California walikuwa tayari na mbegu kutoka Mexico na Colombia. Mimea ya huko ni mirefu, yenye majani membamba, nayo huchelewa sana kukomaa, maana asili yake ni nchi za joto. Mmea wa Afghanistan ni mfupi, majani yake ni mapana, hukomaa upesi, huvumilia baridi ya milimani, na una utomvu mwingi. Ndio waliotumia Waafghani kutengeneza hashishi. Katika miaka hiyo ya 1970 wakulima wa California wakaoanisha damu hizo tatu, ya Afghanistan, ya Mexico na ya Colombia. Wakachagua mimea bora kwa matakwa yao, wakaioanisha tena, kizazi baada ya kizazi. Chotara iliyotokea ndiyo waliyoiita Skunk namba 1.

Mkulima wa Kenya hahitaji kufafanuliwa sana habari hii. Mwaka 1964 watafiti wa Kitale walitoa mahindi chotara ya H611. Walioanisha mahindi ya Kitale na mahindi yaliyotoka Ecuador, Amerika ya Kusini. Wazazi walikuwa wametengana kwa maelfu ya maili, na mtoto akawazidi wote wawili kwa mavuno. Mahindi yale yalishibisha nyumba nyingi. Kwa hiyo, msikilizaji, neno chotara lisikutishe. Uchotara peke yake si dhambi. Swali la kuuliza ni hili: aliyechagua mbegu alikuwa akitafuta nini? Kitale walitafuta magunia zaidi kwa ekari. California walitafuta mmea unaokomaa upesi, mfupi wa kuweza kufichwa, na wenye utomvu mwingi. Walikipata walichokitafuta. Hakuna aliyekuwa akichagua kwa kufikiria akili ya mtoto wa miaka 15.

Jina lenyewe lilitokana na harufu. Skunk ni mnyama mdogo wa Amerika ambaye akitishwa hurusha maji yanayonuka vibaya mno. Hapa kwetu anayefanana naye kwa tabia ni kicheche. Aliyewahi kukaribia kuku walionyatiwa na kicheche anaijua harufu yenyewe. Kwa miaka mingi watu walidhani ufanano huo ni wa mzaha tu. Mwaka 2021 wanakemia huko Marekani walichunguza na kukuta kwamba harufu ile hutokana na kemikali zenye salfa, ndugu wa karibu wa zile zilizomo katika maji ya mnyama huyo. Aliyetoa jina hakukosea.

Taa badala ya jua

Kutoka California mbegu zilifika Uholanzi katika miaka ya 1980. Uholanzi ilikuwa imebadilisha sheria yake mwaka 1976 na kutenganisha bangi na dawa kali kama heroini. Polisi waliacha kuwaandama wauzaji wadogo wa bangi, na mikahawa ya kuiuza ikaenea. Soko likawepo, na kampuni za kuuza mbegu zikazuka.

Uholanzi ni nchi ya mvua na baridi, lakini ni nchi ya watu wanaojua kulima maua ndani ya vyumba vya vioo. Walikuwa na taa, mbolea na ufundi. Skanka iliwafaa kwa sababu ni fupi na hukomaa upesi. Wakaipanda ndani ya nyumba chini ya taa kali, mimea ya kike mitupu. Shambani mvua, wadudu na chavua ya jirani vilikuwa vinaipunguza nguvu. Ndani ya chumba hakuna kati ya hivyo.

Msikilizaji, hebu tusikie hesabu. Kemikali inayolevya inaitwa tetrahidrokanabinoli, na kwa kifupi THC. Katika bangi ya Uholanzi iliyopimwa karibu na mwaka 2000, THC ilikuwa takriban asilimia 9. Kufikia mwaka 2004 ilikuwa takriban asilimia 20. Marekani, bangi iliyokamatwa mwaka 1995 ilikuwa na wastani wa takriban asilimia 4, na ile ya mwaka 2014 takriban asilimia 12. Uingereza, serikali ilipima bangi iliyokamatwa na polisi mapema mwaka 2008. Misokoto minane kati ya kila kumi ilitokana na maua yasiyo na mbegu, yaani bangi ya namna ya skanka, na wastani wa THC ndani yake ulikuwa asilimia 16.

Yaani kijana anayevuta msokoto mmoja leo anaweza kuwa amevuta dawa ya misokoto minne ya zamani. Naye anahesabu mmoja.

Serikali zenyewe zilijikwaa juu ya jina. Mwezi wa Januari mwaka 2004 Uingereza iliishusha bangi katika orodha yake ya dawa haramu na kuiweka pamoja na dawa hafifu. Mwezi wa Januari mwaka 2009 ikairudisha juu, na moja ya sababu zilizotolewa ilikuwa hofu juu ya skanka. Ikiwa serikali yenye maabara na madaktari iliyumba hivyo, tusimcheke mzee wetu wa barazani.

(Muziki mfupi.)

Funguo za bandia

Je, THC hufanya nini ndani ya kichwa? Kabla ya mwaka 1964 hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika. Mwaka huo Raphael Mechoulam na Yehiel Gaoni, wanasayansi wa Israel, waliitenga THC na kuonyesha umbo lake. Mechoulam alieleza mara nyingi kwamba hashishi ya utafiti ule, kilo 5, alipewa na polisi, naye akaibeba kwenye mfuko ndani ya basi la abiria, na wasafiri wakaanza kuulizana harufu ile inatoka wapi.

Mwaka 1988 watafiti wa Marekani walikuta kwamba ubongo una mahali maalumu ambapo THC hujishika. Mwaka 1992 Mechoulam na wenzake wakagundua sababu ya mahali hapo kuwepo: mwili wenyewe hutengeneza kemikali yake ya kujishika pale. Waliiita anandamaidi, kutokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya furaha.

Fikiria nyumba yenye milango mingi. Kila mlango una kufuli, na mwenye nyumba ana funguo zake. Anafungua kidogo, anafunga, anafungua tena. Hivyo ndivyo mwili unavyoendesha hamu ya chakula, usingizi, kumbukumbu, maumivu na hofu. THC ni ufunguo wa bandia unaoingia katika kufuli hizo hizo. Ukiingia, unafungua milango mingi kwa pamoja na kuiacha wazi kwa saa kadhaa. Ndiyo sababu mvutaji hucheka bila sababu, huona dakika ni ndefu kama saa, husahau alichokuwa akisema, husikia njaa, macho humwiva na moyo humwenda mbio. Dozi ikiwa kubwa, kicheko hugeuka hofu. Anahisi anakufa. Anahisi watu wote wanamtazama.

Kwa mtu mzima aliyekomaa, milango hiyo mara nyingi hufungwa tena. Lakini nyumba ya kijana bado inajengwa. Ubongo wa mwanadamu huendelea kujengeka hadi baada ya miaka 20, na kufuli hizi ni sehemu ya mafundi wanaoujenga. Kumpa kijana wa miaka 14 skanka kila siku ni kuwavuruga mafundi kabla hawajaezeka paa.

Wengine watakuambia kwamba katika bangi mna kemikali nyingine, kanabidioli au CBD, inayotuliza ukali wa THC. Ni kweli mmea unayo, na hashishi ya zamani ilikuwa nayo. Lakini skanka iliyopimwa Uingereza haikuwa nayo ila chembe. Tena jaribio lililofanywa London na kutolewa mwaka 2022 halikuona kwamba kuongeza CBD ndani ya bangi kulimkinga mvutaji. Kwa hiyo usimwamini anayekuuzia ukali na kukuahidi mto wa kuangukia.

Hesabu za madaktari

Sasa tufike kwenye lile lililotuleta, yaani akili kuvurugika. Daktari huita hali hiyo saikosisi. Mgonjwa husikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Huamini mambo yasiyokuwepo, kama vile kwamba redio inamtaja yeye. Ikikaa muda mrefu na dalili nyingine zikaongezeka, huenda ikawa skizofrenia.

Mwaka 1987 madaktari wa Sweden walitoa matokeo ya kuwafuatilia vijana 45,570 walioitwa jeshini. Baada ya miaka 15, waliokuwa wamevuta bangi zaidi ya mara 50 kabla ya kuingia jeshini walikuwa na hatari ya skizofrenia mara 6 ya wale ambao hawakuvuta kabisa. Angalia kwamba vijana hao walivuta kabla ya skanka kuenea. Kwa hiyo hata bangi ya zamani haikuwa maji ya mtungi.

Mwaka 2015 watafiti wa London ya kusini waliwalinganisha wagonjwa 410 waliopata saikosisi kwa mara ya kwanza na watu 370 wasio wagonjwa. Waliovuta skanka kila siku walikuwa na hatari mara 5 ya wasiovuta. Waliovuta hashishi, ambayo ni hafifu zaidi, hawakuonekana kuwa na hatari iliyoongezeka. Mwaka 2019 utafiti mkubwa zaidi, katika vituo 11 vya Ulaya na Brazil, ulikuta jambo lile lile: anayevuta bangi kali kila siku ana hatari karibu mara 5. Kali waliihesabu kuanzia THC ya asilimia 10. Watafiti hao walikadiria kwamba kama bangi kali isingekuwepo, London ingepunguza wagonjwa wapya wa saikosisi kwa karibu 30 katika kila 100, na Amsterdam kwa karibu nusu.

Tuseme ukweli wote, kwa sababu kijana akikushika na uongo mmoja hatakusikiliza tena. Wengi wanaovuta hawapati saikosisi. Na wako wanaopata bila kuvuta chochote. Bangi hukutana na mambo mengine: damu ya ukoo, maisha ya taabu, umri wa kuanza. Ikiwa katika ukoo wenu kuna aliyewahi kuugua akili, kijana wako anatembea ukingoni mwa korongo, na skanka ni kisukumo. Ndiyo sababu vijana wawili huvuta msokoto mmoja, mmoja akaamka kesho akiwa mzima, na mwenzake akapelekwa hospitali amefungwa kamba.

Ziko athari nyingine zisizotajwa sana. Wapo wasioweza kuacha: inakadiriwa mtu mmoja kati ya kumi wanaojaribu bangi hunaswa, na walioanza wakiwa vijana ni mmoja kati ya sita. Akiacha ghafla hukosa usingizi, hukasirika upesi, na chakula hakipiti. Wapo wavutaji wa miaka mingi wanaoshikwa na kutapika kusikokoma, wakapata nafuu wakioga maji ya moto tu. Madaktari wa Australia waliieleza hali hiyo mwaka 2004. Mgonjwa akificha kwamba anavuta, daktari hutafuta vidonda vya tumbo, malaria na sumu bila kupata kitu. Na kwa mwendesha boda boda, dakika inayoonekana ndefu kama saa ni dakika ambayo lori halimngoji.

(Muziki mfupi.)

Skanka yafika mlangoni

Utauliza, haya ya London na Amsterdam yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Jirani zetu Tanzania, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imetangaza mara kadhaa katika miaka ya karibuni kukamata shehena za skanka, na neno hilo sasa ni neno la Kiswahili. Hapa Kenya vijana wanajua shash, bangi inayoingia kutoka Ethiopia kupitia Moyale, na huilipia zaidi kwa sababu ni kali. Uchunguzi wa NACADA wa mwaka 2022 ulikadiria kwamba zaidi ya watu nusu milioni wenye umri wa miaka 15 hadi 65 nchini walikuwa wakitumia bangi. Bangi inabaki haramu kwa sheria yetu ya mwaka 1994, lakini sheria haikuandika popote juu ya msokoto ni asilimia ngapi. Msokoto hauna kibandiko. Anayeuza hajui, anayenunua hajui, na mzazi ndiye wa mwisho kujua.

Tena sasa haivutwi tu. Iko ndani ya biskuti na keki. Bangi ya kula hukawia kupanda, nusu saa hadi saa mbili. Kijana anaona haijamshika, anaongeza kipande, kisha zote zinampanda kwa pamoja. Mtoto mdogo akiiokota mezani atadhani ni biskuti tu.

Cha kufanya

Mama msikilizaji, baba msikilizaji, hizi hapa dalili za kuangalia. Kijana anajitenga na marafiki wa zamani. Usafi unamshinda. Usingizi umegeuka. Anashuku watu wa nyumbani, anakataa chakula akisema kina sumu. Anacheka au anajibu pasipo mtu. Dalili moja kwa siku moja inaweza kuwa ujana tu. Zikikutana na kukaa wiki kadhaa, usingoje.

Usimpige. Kiboko hakifukuzi sauti zilizo kichwani, kinamfundisha tu kuzificha. Usimfunge mnyororo wala kamba. Kama ameshikwa na hofu saa hii, mkalishe mahali tulivu, mpe maji, ongea naye polepole, na usimwache peke yake. Akitaka kujidhuru au kudhuru wengine, au mtoto mdogo akiwa amekula biskuti za namna hiyo, mkimbize hospitali. Ukifika mwambie daktari ukweli: amevuta nini, kwa muda gani, na kama kuna aliyewahi kuugua akili katika ukoo. Wengi huenda Mathari, hospitali iliyoanzishwa mwaka 1910, wakiwa wamechelewa, wamepita kwa waganga na kuuza mbuzi wote. Hospitali za kaunti zina kliniki za akili, anzia huko. Piga pia nambari 1192 ya NACADA, haina malipo, na utaongea na mshauri.

Saikosisi inatibika, na ikitibiwa mapema mgonjwa hupona vizuri zaidi. Aliyeacha skanka mapema ana matumaini makubwa kuliko anayeendelea. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Nawe kijana, sikuiti mwovu. Nakuomba tu uulize swali alilouliza mkulima wa mahindi: mbegu hii ilichaguliwa kwa faida ya nani?

Na mzee wangu wa barazani, shikamoo. Babu yako alivuta bangi akafa na akili zake, nakuamini. Lakini huyu mjukuu hakuvuta bangi ya babu yako. Alivuta mtoto wa Afghanistan, Mexico na Colombia, aliyezaliwa California na kulelewa chini ya taa za Uholanzi. Hajarogwa. Ni mgonjwa, na hospitali ipo. Ukimwambia mama yake maneno hayo kesho asubuhi, utakuwa umeokoa nyumba.

Hadi kipindi kijacho, mpenzi msikilizaji, kaa salama.

(Muziki wa kufungia.)

Maswali ya mjadala kwa vikundi vya wasikilizaji

1. Katika kijiji au mtaa wenu, watu husema nini kijana akivurugika akili? Ni nani huitwa kwanza?
2. Kwa nini ushuhuda wa babu hauwezi kutumika kupima bangi ya leo?
3. Kliniki ya akili iliyo karibu nanyi iko wapi, na nauli ya kufika ni kiasi gani?
4. Mzazi aanzeje mazungumzo haya na mtoto wake bila vitisho na bila uongo?